Cheti cha asili cha mchezaji wa Dadamu

WAFANYABIASHARA wadogo wanaopita Busia, Malaba au Namanga wanakifahamu cheti rahisi cha asili. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na uliomo katika orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hupita bila ushuru wa forodha kwa karatasi moja inayosema umetoka wapi. Karatasi hiyo ikikosekana, nyanya ni zile zile na tenga ni lile lile, lakini afisa wa forodha hana pa kushika.

Dadamu, pembezoni mwa Arua katika mkoa wa West Nile nchini Uganda, kuna kitu kingine cha thamani kinachozalishwa kila jioni bila karatasi. Ni watoto wanaocheza mpira. Wanajifunza miaka sita au saba kwenye viwanja vya vumbi, wakifundishwa na vijana wasiolipwa, wakinunuliwa jezi na mwenye duka la jumla au mama anayeuza vitenge. Mmoja wao anapoonekana na klabu ya Kampala au ya nje, timu iliyomlea haina hata mstari mmoja wa kuonyesha kwamba aliwahi kuwa wake.

Suala hili linawahusu wasomaji wa gazeti hili kuliko wanavyodhani. Katika miji ya mpakani, mfadhili wa timu ya watoto mara nyingi ni mfanyabiashara, na mtoto mwenyewe mara nyingi ni wa mfanyabiashara. Baba yuko Juba na lori, mama anashinda kati ya Arua na Ariwara, mtoto anabaki na bibi. Uwanjani utasikia Kilugbara, Kikakwa, Lingala, Kinubi, Kiarabu cha Juba na Kiswahili katika shambulizi moja. Soko limewaleta pamoja. Kanuni za soka, hata hivyo, zinawatenganisha kwa uraia, kwa umri na kwa makazi, na anayezifahamu mapema hujiokolea hasara.

Kwamba West Nile inazalisha wachezaji si jambo la kubishania. Mwaka 2011 vijana wa Onduparaka, kitongoji cha Arua, waliunda timu. Mwaka 2016 timu hiyo ilikuwa imepanda Ligi Kuu ya Uganda, na uwanja wa Green Light ukawa mahali ambapo timu za Kampala zilifika zikiwa na hofu. Jina lake la utani ni Viwavi, na mashabiki wake walilibeba hadi kila uwanja walikosafiri. Mshambuliaji wake Muhammad Shaban alihamia KCCA ya Kampala mwaka 2017, na mwaka uliofuata akaenda Raja Casablanca ya Morocco, moja ya klabu kubwa kabisa barani. Paidha Black Angels ya Zombo nayo ilipanda, ikacheza Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Arua Hill ikapanda mwaka 2021.

Leo hakuna hata moja kati ya hizo iliyobaki huko juu. Paidha ilishuka baada ya msimu mmoja, Onduparaka ikashuka mwaka 2023, na Arua Hill nayo ikaondoka. Timu za wakubwa zinapanda na kushuka kama bei ya sukari mpakani. Kinachobaki ni watoto wa miaka 9 hadi 15, ambao hawajui daraja wala msimamo wa ligi, na ambao ndio hasa chanzo cha kila kitu. Hapo ndipo fedha kidogo hufanya kazi kubwa, na hapo ndipo nyingi zinapopotea.

Zinapotea vipi? Kwanza, kwenye kombe la mbuzi. Desturi ni hii: mfanyabiashara anayependa mpira anatoa mbuzi, au akiwa na uwezo fahali, na timu za vijana zinashindana Jumamosi na Jumapili. Ni sherehe nzuri, watu wanakuja, soda zinauzwa. Lakini tazama kinachomtokea kocha. Anataka yule mbuzi. Kwa hiyo anapanga wavulana wakubwa, wenye mapaja, wanaoweza kupiga mpira kutoka goli hadi goli. Yule mdogo mwenye akili, anayetuliza mpira kama ameushika kwa mkono, anakaa benchi akishika chupa za maji. Baada ya misimu mitatu ya mbuzi, mdogo ameacha mpira na kubeba mizigo sokoni, na mkubwa amegundua kwamba kila mtu sasa ana kimo kama chake na yeye hajui kutoa pasi.

Wanaofuatilia soka la vijana duniani wameliona jambo hili kwa sura nyingine: katika timu nyingi za umri mdogo, waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka ni wengi kuliko waliozaliwa mwishoni. Hawana kipaji zaidi, wamekua tu miezi kumi zaidi. Kama tofauti ya miezi inatosha kumdanganya kocha wa Ulaya mwenye shahada, tofauti ya miaka mitatu iliyofichwa kwa cheti cha kughushi itamfanya nini kocha wa kijijini?

Kupunguza umri ni ugonjwa wa ukanda wetu mzima, na huonekana kama ujanja usio na mwathirika. Mwathirika yupo. FIFA ilianza mwaka 2009 kupima kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, kwa kuangalia kama mfupa umekwisha kufunga. Uganda ilifika fainali hizo kwa mara ya kwanza mwaka 2025 nchini Qatar. Mtoto wa Arua anayetaka njia hiyo hawezi kupita na miaka ya uongo, na timu iliyomwandikia miaka hiyo inakuwa imempotezea nafasi kabla hajavaa jezi ya taifa.

Sasa tuingie uwanjani, maana kukuza ustadi si siri wala si suala la fedha nyingi. Ni hesabu. Watoto 22 wakicheza saa moja na mpira mmoja, hata kama wangegawana sawa, kila mmoja angepata chini ya dakika tatu za kuwa na mpira. Hawagawani sawa, kwa hiyo wengine hupata sekunde. Wakate watoto 24 katika viwanja vidogo vitatu, wanne kwa wanne, kila kiwanja na mpira wake: mgawo unakuwa dakika saba na nusu. Mtoto anaugusa mpira zaidi, anakutana na adui ana kwa ana mara nyingi zaidi, na hana pa kujificha. Kinachohitajika ni mipira mitatu badala ya mmoja, na mawe kumi na mawili ya kuweka magoli. Mbuzi mmoja wa zawadi anaweza kugeuka mipira kadhaa ya kawaida, na kwa maoni yangu hayo ndiyo matumizi bora ya mbuzi.

Uwanja wa Dadamu wenyewe ni mwalimu mwenye tabia mbili. Kuanzia Desemba hadi Machi, ardhi inakauka inakuwa kama saruji, mpira unadunda popote. Mtoto anayetuliza mpira juu ya ardhi hiyo atautuliza popote duniani. Lakini ardhi hiyo hiyo inamfundisha mvivu kubutua, kwa sababu kubutua hakuhitaji mdundo mzuri. Kocha ndiye anayeamua ni somo lipi litashinda. Akisifia shuti la mbali, watapiga mbali. Akisifia yule aliyepokea kwa mguu ulio mbali na adui akageuka, wiki ijayo watajaribu wote.

Kuna vitu vichache ambavyo kwa umri wa miaka 8 hadi 12 vinastahili kurudiwa hadi vichoshe: kupokea mpira kwa miguu yote miwili, kutazama nyuma ya bega kabla mpira haujafika, kumpita mtu mmoja, kutoa pasi na kusogea badala ya kutoa pasi na kusimama kuitazama. Mguu wa pili ndio unaosahauliwa zaidi. Dakika kumi kila jioni ukutani, mguu wa kushoto tu, zinatosha, na ukuta wa ghala la nafaka haulalamiki sana. Mwenye ghala huenda akalalamika.

Kisha inakuja miaka 13, 14, 15, kipindi ambacho makocha wengi hukosea. Mvulana anarefuka ghafla, na miguu inakuwa kama ya kuazima. Aliyekuwa na chenga tamu mwaka jana sasa anajikwaa. Wengi huachwa hapo, wakidhaniwa wameishiwa. Hawajaishiwa, mwili unapanga hesabu upya. Timu inayoweka kumbukumbu ya kimo cha watoto wake, hata kwa alama za chaki ukutani, inaweza kumwambia mzazi kwamba kijana amekua sana ndani ya miezi michache, avumiliwe.

Na hapa ndipo tunarudi kwenye karatasi.

Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema kwamba mchezaji wa kulipwa anaponunuliwa na klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea tangu msimu alipotimiza miaka 12 hadi ule alipotimiza 23. Kila msimu kati ya 12 na 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada nzima, na kila msimu kuanzia 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Tuseme kijana aliyekaa na timu ya Dadamu kuanzia miaka 12 hadi 17 anauzwa baadaye kwa dola 100,000. Misimu minne ya kwanza inaleta dola 1,000, miwili inayofuata dola 1,000 nyingine. Jumla dola 2,000, kiwango kile kile cha cheti rahisi cha asili. Na kijana akiuzwa tena baada ya miaka miwili kwa dola 500,000, hesabu inaanza upya: dola 10,000 kwa timu ambayo kocha wake anafundisha akiwa amevaa ndala.

Tangu Julai 2020 kuna jambo zuri zaidi kwa watu wa mpakani. Mgao huo sasa unalipwa hata pale mchezaji anapouzwa kati ya klabu mbili za nchi moja, ilimradi klabu iliyomlea iko nchi nyingine. Yaani kijana aliyelelewa Arua kisha akacheza Congo, akiuzwa kutoka klabu ya Lubumbashi kwenda ya Kinshasa, timu ya Arua ina haki yake. Kuna pia fidia ya malezi, inayolipwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, kulingana na daraja la klabu inayomchukua.

Lakini fedha hizo haziendi kwa anayekumbukwa, zinakwenda kwa aliyeandikwa. Tangu Novemba 2022 malipo hupitia taasisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, ambayo hutazama kumbukumbu za kielektroniki za mchezaji: alisajiliwa wapi, tarehe gani, na klabu gani. Timu ya mtaani isiyo mwanachama wa chama cha soka cha wilaya haionekani Paris. Shule nayo, hata iwe imemlisha na kumsamehe karo miaka minne, kama haijasajiliwa kama klabu chini ya shirikisho haionekani. Nchini Uganda usajili wa wachezaji hufanywa kwa mfumo wa FUFA Connect, na mtoto hupewa namba inayomfuata maisha yake yote ya soka. Timu ikingoja afikishe miaka 17 ndipo imsajili, misimu mitano ya malezi imekwenda na upepo.

Kwa mtoto mwenye baba na mama Waganda jambo hili ni la usumbufu tu: uthibitisho wa kuzaliwa kutoka NIRA, picha, ada, na mtu wa kukaa mbele ya kompyuta. Kwa mtoto wa upande wa pili wa mpaka ni jambo zito zaidi.

Kifungu cha 19 cha kanuni hizo kinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhama kimataifa. Kinakataza pia kumsajili kwa mara ya kwanza mtoto asiye raia wa nchi anamotaka kucheza. Kuanzia miaka 10, mtoto aliyewahi kusajiliwa nchi nyingine anahitaji hati ya uhamisho ya kimataifa. Sheria hii iliwekwa kwa sababu nzuri, watoto wa Afrika walikuwa wakisafirishwa Ulaya na kutelekezwa. Ila imeandikwa na watu waliokuwa wakifikiria ndege, na sisi tunafikiria bodaboda.

Kwa bahati, waliacha milango kadhaa wazi, na mmoja ni kama umetengenezwa kwa ajili ya West Nile. Mtoto anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu ya nchi jirani iliyo ndani ya kilomita 50 za mpaka huo huo, ilimradi umbali kati ya nyumbani kwake na klabu hauzidi kilomita 100. Aru na Ariwara upande wa Congo zinaingia. Kaya upande wa Sudan Kusini inaingia. Arua na Koboko zinaingia bila shida. Juba na Bunia hazimo.

Masharti yake ni mawili, na yote yana mtego. La kwanza, mtoto lazima aendelee kulala kwao. Ukimhamishia mtoto wa Ariwara kwa shangazi yake Arua ili awe karibu na mazoezi, umeufunga mlango huo mwenyewe. La pili, mashirikisho ya nchi zote mbili lazima yakubali waziwazi. Barua ya kocha haitoshi, wala muhuri wa mwenyekiti wa kijiji.

Mlango wa pili ni wa wazazi wanaohamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusu mpira. Mfanyabiashara aliyehamisha duka lake kutoka Aru kwenda Arua yumo, lakini lazima athibitishe kwamba alihama kwa ajili ya biashara na si kwa ajili ya kipaji cha mwanawe. Leseni ya biashara, mkataba wa pango la nyumba na la duka, kibali cha kukaa, barua ya shule: karatasi ambazo wengi tunazitupa baada ya mwaka kuisha ndizo zinazoulizwa. Tarehe zake zina uzito. Mkataba wa duka ulioandikwa wiki mbili baada ya mtoto kuonekana na klabu unazua maswali.

Mlango wa tatu ni wa mtoto aliyeishi mfululizo miaka mitano katika nchi anamotaka kusajiliwa. Wa nne ni wa waliokimbia nchi zao kwa sababu za kibinadamu na kuruhusiwa kukaa, na huo unagusa maelfu ya watoto wa makambi ya Rhino Camp, Imvepi, Bidibidi na Lobule ya Koboko. Kadi ya ukimbizi ya familia, ambayo mama huitunza kwa ajili ya mgao wa chakula, ndiyo pia msingi wa usajili wa soka wa mtoto.

Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Sudan Kusini mwaka 2016. Tunazungumza juu ya mizigo, ushuru na vibali vya kazi, na ni haki. Sijaona kwa nini mashirikisho ya soka ya Uganda, Congo na Sudan Kusini yasikubaliane utaratibu mmoja wa ridhaa kwa watoto wa kilomita 50, badala ya kila timu ndogo kuandika barua Kampala, Kinshasa na Juba na kungoja. Idadi ya watoto si kubwa, na kanuni tayari inaruhusu. Wafanyabiashara wana vyama vyao mpakani, na vyama hivyo vimezoea kugonga milango ya wakubwa.

Wakati huo mlango unangojewa, wapo wanaouza njia ya mkato. Ni mawakala wanaofika na simu yenye picha za viwanja, wakimwambia mzazi kwamba klabu fulani ya Ulaya au Uarabuni inamtaka mwanawe wa miaka 15, zinahitajika tu fedha za viza na majaribio. Mfanyabiashara ambaye hawezi kulipia gunia kabla ya kulifungua huuza pikipiki na kulipa. Jibu lake ni fupi: mtoto wa miaka 15 kutoka Uganda, Congo au Sudan Kusini haruhusiwi kusajiliwa na klabu ya Ulaya kwa sababu ya mpira. Umri huo wenyewe unaonyesha kwamba ni uongo, kabla hujauliza jina la klabu.

Kinachofaa kununuliwa ni cha bei ndogo zaidi. Daftari la kurasa 96, ukurasa mmoja kwa kila mtoto: jina kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa, tarehe, jina la mzazi, mahali anapolala, siku aliyojiunga, siku aliyoondoka na alikokwenda. Picha ya timu kila mwanzo wa msimu, yenye tarehe nyuma yake. Nakala za vyeti ndani ya bahasha isiyoingia maji, zikikaa kwa mtu mwenye duka lenye kufuli na si chini ya godoro la kocha. Halafu uanachama wa wilaya na usajili wa kila mtoto anayetimiza miaka 12, kabla ya jezi mpya na kabla ya mbuzi. Daftari peke yake halimlipi mtu, lakini ndilo linalowezesha usajili kufanywa bila kubuni tarehe, na ndilo litakaloulizwa kukitokea ubishi.

Mtoto wa Dadamu anayetimiza miaka 12 mwaka huu, msimu wake wa kwanza unaohesabiwa ni huu huu.